Faili la Dereva Marehemu

Karani wa masjala watu walimwita Bahasha, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yake. Kwa asiyewahi kufanya kazi serikalini, masjala ni kile chumba ambacho kila barua ya ofisi lazima ipite kabla haijamfikia mwenyewe. Inaandikwa kwenye daftari, inagongwa mhuri wa IMEPOKELEWA, inaingizwa kwenye faili lake, ndipo inapopanda juu kwa wakubwa. Chumba cha Bahasha kilikuwa chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na makabati manne ya chuma na feni moja iliyozunguka siku inapojisikia. Miaka saba alikaa mle, na usidhani alikaa kwa unyonge. Alikuwa mfalme.

Ufalme wenyewe ulikuwa huu. Barua za siri kutoka makao makuu zilikuja na bahasha mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje aliifungua yeye. Ya ndani haikumhusu ndewe wala sikio, maana ilifunguliwa na mkuu wa utumishi peke yake, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo ambaye ofisi nzima ilimwita Bimkubwa. Lakini kwenye kona ya bahasha ile ya ndani paliandikwa namba mbili. Ya kwanza ilisema ni jambo gani, na ya pili ilikuwa namba ya faili la mtu anayehusika. Wengine waliona namba tu. Bahasha alisoma. Ishirini na moja ilikuwa nidhamu, thelathini kupanda cheo, arobaini na nne uhamisho. Namba za mafaili ya watu wote wa jengo lile alikuwa nazo kichwani, kuanzia Bimkubwa mpaka mfagizi.

Basi mtu anaagiza makochi mapya, anakuja kazini anachekelea, na Bahasha ameshaiona arobaini na nne yake tangu asubuhi. Unafikiri atamwambia? Atamsifia makochi. Atamuuliza kitambaa ni cha rangi gani. Barua ikishuka siku ya pili, mtu amekaa kwenye ngazi kashika kichwa, Bahasha anatoa shingo mlangoni na kumwambia, "Pole, ndugu. Makochi yanabebeka." Hakuwahi kukosea hata mara moja, na kutokukosea huko kulimlevya.

Roho ile haikuanza bure, tuseme ukweli. Naye alishachapwa. Kituo chake cha kwanza alichimba msingi, barua ikaja. Cha pili alipandisha kuta hadi madirishani, barua ikaja, na mpaka leo mle mna mbuzi wa mtu asiyemjua. Cha tatu alikaa mwaka mmoja tu, alimwaga mawe kwenye kiwanja, na kabla fundi hajashika koleo barua ilikuwa mezani. Watumishi wana imani yao moja ambayo huwezi kuwatoa: kinachokuhamisha si miaka, ni bati. Ukipiga bati umejiita mwenyewe. Watakutajia bwana afya aliyehamishwa siku kumi na moja baada ya kuezeka, na bibi maendeleo ambaye mapazia yake hayakupata hata kufuliwa. Makao makuu hawajui nani ana bati na nani hana, bati linawahusu nini. Lakini kamwambie hivyo mtu aliyeacha kuta zake na mbuzi.

Jambo lililomkaa kooni zaidi lilikuwa mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa bado kule kwenye kituo cha pili. Bahasha alipohamishwa, mwalimu aliambiwa asubiri kwanza, nafasi yake itafuata. Akasubiri miaka minane. Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alimjua baba yake vizuri. Mdogo alizaliwa baba akiwa ameshaondoka, na likizo moja, Bahasha aliposhuka kwenye basi baada ya siku nzima ya safari, mtoto yule alimpa mkono, akaamkia kwa adabu zote, kisha akamuuliza mama yake mgeni atalala wapi. Mama alicheka. Bahasha naye alicheka, halafu akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Kila mwaka aliandika ombi kwamba mkewe ahamishiwe kituo alipo mumewe. Kila mwaka, kwenye bahasha ya kawaida isiyo na namba, lilikuja jibu lilelile la mstari mmoja: ombi lako linashughulikiwa. Majibu manane, yote kayapokea mwenyewe, kayagonga mhuri mwenyewe, kayaweka kwenye faili lake mwenyewe. Kuacha kazi ili amfuate mume lilikuwa jambo ambalo mwalimu hawezi hata kuliwaza, kwa sababu palikuwa na nyumba, na nyumba ile ilikuwa inakula mishahara miwili na bado inafungua mdomo.

Nyumba ilikuwa pembezoni mwa mji, mtaa wa watu wanaojenga polepole. Vyumba vinne. Ilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ikasimama pale miaka mitatu. Si kwamba alishindwa. Mbao za kenchi zilikuwepo, bati lilikuwepo, limepangwa chini ya turubai. Bahasha aliogopa tu kulipandisha.

Likizo ya katikati ya mwaka mwalimu alikuja kuiona. Alipita chumba hadi chumba, jua linamchoma utosini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Fundi alikuwepo, jamaa mwembamba mwenye penseli sikioni.

"Hapa ndipo jikoni?" mwalimu aliuliza.

"Ndipo hapo, mama."

"Mbona dirisha liko nyuma?"

"Moshi, mama. Utatokea nyuma."

"Moshi utajua pa kupita. Dirisha lije huku mbele, litazame geti. Nataka nikiwa napika niwaone watoto wangu wakitoka shule."

Fundi alimtazama Bahasha, akatazama ukuta. "Ukuta umeshasimama. Na geti lenyewe halipo."

"Ukuta utabomoa. Geti litakuja," mwalimu alisema, akamgeukia mumewe. "Na lile bati chini ya turubai linasubiri nini?"

"Unajua linasubiri nini."

"Baba watoto, wewe ni mtu mzima."

"Nikiezeka watanihamisha. Umesahau mbuzi?"

"Sijasahau. Lakini nimechoka kuwa mke wa lenta." Hakupandisha sauti. Alisema kwa ile sauti anayotumia darasani mwishoni mwa kipindi, wakati chaki imeisha na wanafunzi hawajaelewa. "Ezeka. Tukihamishwa tutakuwa tumehamishwa tuna nyumba. Na likitokea lolote niambie, tulibebe wote."

"Nitakuambia."

"Lolote."

"Nimesema nitakuambia."

Wakaezeka. Jumamosi moja fundi na wenzake walipiga misumari kuanzia asubuhi, na Bahasha hakwenda kuangalia. Alikaa kwa kinyozi, akanyolewa, akakaa tena mpaka kinyozi akamuuliza kama kuna nywele nyingine anazisubiri. Jioni alipopita, bati lilikuwa juu, limenyooka. Alisimama barabarani, akasikia furaha inampanda hadi kooni, na nyuma yake woga unapanda ngazi ileile.

Jumanne barua za makao makuu zikaja.

Bahasha alikata bahasha ya nje, akatoa ya ndani, akatupa jicho kwenye kona kama kawaida yake. Arobaini na nne. Hapo midomo ilishaanza kutabasamu, anatafuta safari hii ni nani. Akasoma namba ya pili. Ilikuwa ya faili lake mwenyewe.

Akahesabu tangu Jumamosi. Siku tatu tu. Aliitazama ile bahasha kwa muda, akaigeuza, akairudisha. Kazi yake iliyobaki ilikuwa kuiandika kwenye daftari, kuigonga mhuri na kuipandisha juu. Kesho yake angeitwa na Bimkubwa, na ngazi ile ambayo amewachekea wenzake angekaa yeye. Simu ilikuwa mfukoni. Alichotakiwa kufanya ni kumpigia mkewe na kumwambia lile aliloahidi kumwambia. Hakupiga. Alijiambia, nimpigie nimwambie nini, kwamba nimempa nyumba Jumamosi na Jumanne nimeipoteza?

Kabati la nne lilikuwa la wastaafu na marehemu. Halikufunguliwa ila warithi wakija. Mle ndani kulikuwa na faili la dereva mmoja aliyefariki miaka minne nyuma. Warithi wake walishakuja, wakagombana, wakalipwa, wakaenda zao. Bahasha aliinama, akalichomoa, akaiweka ile barua katikati, bila kuifungua, akalirudisha. Kwenye daftari hakuandika kitu. Na kwa akili ya masjala, jamani, pale alikuwa amemaliza kila kitu. Barua ambayo haiko kwenye daftari haijafika. Ambayo haijafika haina wa kuijibu. Mtu asiyepewa barua hajahamishwa. Aliwahi kuona uhamisho wa watu ukifa hivyohivyo kwa faili kupotea, mwaka unapita, mkubwa mwingine anakuja, jambo limesahaulika.

Wiki ya tatu ikaja bahasha nyingine. Namba zilezile mbili, safari hii na mhuri mwekundu wa UKUMBUSHO. Mtu mwenye akili timamu hapo angeshtuka, angejiuliza hawa wananitaka kwa haraka gani. Bahasha alicheka peke yake chini ya ngazi. "Andikeni," alisema. "Wino ni wenu." Ikaenda kwa dereva nayo.

Na nyumba ikaenda mbio, maana sasa alikuwa mtu aliyeishinda serikali. Plasta, milango, sakafu. Fundi alibomoa ukuta wa jikoni huku akinung'unika, dirisha likahamia mbele, na geti likaja, jeusi, la mabati mawili. Rangi mwalimu aliichagua kwa simu: ya maziwa nje, na jikoni kijani iliyopauka. Bahasha alimpigia kila jioni akamweleza kilichofanyika siku hiyo, mpaka akamweleza komeo. Siku aliyomwambia imekwisha, mwalimu alisema, "Ahsante, mume wangu," na Bahasha alijiona dume la mbegu. Alilala usingizi wa kitoto.

Siku tano baadaye simu ikaita saa nne asubuhi, saa ambayo mwalimu hapigi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto walio mapumzikoni.

"Nimehamishwa," alisema.

Moyo wa Bahasha uliruka. "Unakuja?"

"Mpakani. Kule ambako basi linafika mara mbili kwa wiki."

"Mpakani? Kwa nini?"

"Ngoja nikusomee, maana mimi nimesoma mara tatu. Sikiliza. 'Ofisi hii iliridhia ombi la mumeo la wewe kumfuata kituoni kwake, na nafasi ikatengwa kwa ajili yako katika shule ya mjini hapo. Ofisi ya huko iliandikiwa mara mbili ithibitishe kukupokea ndani ya siku thelathini. Haikujibu. Nafasi hiyo amepewa mwalimu mwingine. Kwa kuwa nafasi yako ya sasa imekwisha kujazwa, unapangiwa kituo kifuatacho...' Basi, mengine ndiyo hiyo mpakani. Uko hapo?"

"Nipo."

"Miaka minane. Wakakubali, baba watoto. Walikubali. Halafu huyo Bimkubwa wenu akashindwa kuandika mstari mmoja. Mstari mmoja. Ana roho gani yule mwanamke?"

Maneno yote yalikuwa mdomoni mwa Bahasha, yamejipanga, yanasubiri kusukumwa tu. Akayameza.

"Ndivyo alivyo," alisema.

Sikilizeni, mimi naweza kumsamehe mtu bahasha mbili. Mwoga ni mwoga. Lakini hilo "ndivyo alivyo" sijui pa kuliweka.

Alipokata simu alifungua kabati la nne, akafungua zile barua kwa kidole. Zilikuwa fupi. Ya kwanza ilimtaja mkewe kwa jina lake lote, ikaitaja shule, ile ya ghorofa moja anayoipita kila siku akienda kazini, na ikamalizia: tafadhali thibitisha. Namba ya kwanza ilikuwa arobaini na nne kwa sababu ni uhamisho. Ya pili ilikuwa ya faili lake kwa sababu yeye ndiye aliyeomba. Alikuwa amesoma sawasawa kabisa, kama siku zote. Ila katika miaka yake yote ya masjala hakuwahi kuona makao makuu wakimpa mtu alichoomba, kwa hiyo halikumpitia hata akilini.

Muda ulikuwepo bado. Mkewe alipewa siku kumi na nne kuripoti. Mtu akipanda juu na zile barua na kusema ni mimi, mama, nilizificha mimi, atafukuzwa labda, lakini mkewe pengine angepona. Bahasha alizitia kifuani ndani ya shati, akapanda ngazi. Nataka mjue kwamba alipanda kweli.

Ofisini kwa Bimkubwa alikuta watu. Mama mmoja kijana, mumewe, watoto wawili wa umri wa shule, sanduku miguuni.

"Afadhali umekuja," Bimkubwa alisema. "Huyu ndiye mwalimu mpya wa hapo shuleni. Kaletwa pamoja na familia yake yote, serikali nayo siku nyingine ina huruma. Hawana pa kulala. Nasikia umemaliza kujenga, na mkeo bado yuko mbali."

"Ndiyo, mama."

"Nyumba isiyokaliwa inaharibika. Waweke."

Mwalimu mpya alimtazama kwa macho yaliyochoka na safari. "Tutaitunza, baba," alisema. "Tutaitunza kama yetu."

Zile barua zilimchoma kifuani. Bimkubwa akauliza, "Wewe ulikuwa umekuja na shida gani?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa napita."

Barua zikarudi kwa dereva, na wageni wakahamia jioni ileile. Yeye alibaki kwenye chumba chake cha kupanga, kile cha siku zote, choo cha pamoja na majirani watatu. Mkewe alipoambiwa kwa simu kwamba nyumba amewekwa mwalimu mmoja, kwa muda tu, mpaka tujue, alikuwa na swali moja tu.

"Na jikoni pia?" aliuliza.

"Na jikoni pia."

Mwisho wa mwaka mwalimu akaja kutoka mpakani na mabinti, siku mbili njiani, miguu imevimba. Alilala siku moja kwenye kile chumba cha kupanga, wote wanne kwenye godoro na mkeka, halafu asubuhi akasema anataka kuiona nyumba yake. Bahasha alikwenda naye. Hawajafika hata getini, mwalimu mpya alishawaona kutoka dirishani, mwiko mkononi, na akatoka mbio kufungua.

"Karibuni, karibuni wageni," alisema. Hakujua ni nani. Alipoambiwa alifurahi zaidi, akawatembeza vyumba vyote. Jikoni alisimama kwa majivuno. "Hapa ndipo ninapopapenda, dada. Sijui ni fundi gani aliyeweka dirisha hili. Napika huku nawaona watoto wangu wakitoka shule."

"Ndiyo," mke wa Bahasha alisema. "Limekaa vizuri."

Kesho yake, Bahasha akiwa kazini, simu ya mezani iliita kutoka juu. Bimkubwa alitaka daftari la barua zinazoingia, lote la mwaka, alilete mwenyewe. Alipofungua mlango alimkuta mkewe kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini, na ile barua yake ya mpakani imetandazwa mezani.

Bimkubwa hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, akafika kwenye zile tarehe mbili zilizotajwa kwenye barua, akarudia.

"Mwalimu amekuja kuniuliza nina roho gani," alisema. "Nikamwambia nami nataka kujua. Hapa hakuna kitu. Na barua za makao makuu katika jengo hili zinapokewa na mtu mmoja tu. Ziko wapi?"

Bahasha alishuka, akarudi na faili. Bimkubwa alisoma jina lililo juu ya jalada, akamtazama. "Dereva," alisema. "Marehemu."

Mkewe alizisoma zile barua mbili taratibu, kama anasahihisha. Kisha akaangalia kona za bahasha. Miaka mingi alikuwa amesikia majigambo ya namba zile mezani kwake, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Ulidhani ni ya kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Ulidhani wanakuhamisha."

"Nilitaka upate nyumba, mwalimu."

"Nyumba nimeiona jana. Nimekaribishwa vizuri." Alikunja barua yake, akaitia mkobani. "Ulisema utaniambia. Lolote, ulisema. Nami nikakuuliza kwa simu huyu mama ana roho gani, ukanijibu."

Mkewe alimshukuru Bimkubwa, akaaga. Basi la mpakani liliondoka asubuhi iliyofuata. Stendi, binti mkubwa hakumtazama. Mdogo alimpa mkono kwa adabu zote, kama alivyofundishwa kuwapa wageni.

Wiki hiyohiyo Bahasha aliandika ombi la kuhamia mpakani. Katika jengo lile hakuna aliyewahi kuomba mpakani. Watu walikuwa wanapelekwa kule wakilia. Alilipeleka mwenyewe juu.

Bimkubwa alilisoma, akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Nilikuwa nataka kukufukuza," alisema. "Nikafikiri. Nikikufukuza utapanda basi, utafika kwa mkeo huna kazi, umekonda, watu watamwambia akuhurumie. La. Ulitaka kukaa, si ndiyo? Utakaa. Kila mwaka utaomba, na kila mwaka nitaandika kwamba kituo hakiwezi kukuachia. Utastaafia chini ya ngazi ile." Akalichana lile ombi vipande viwili, akampa. "Na hii usiifaili."

Chini, watu walishajua. Ofisi haina siri, yeye ndiye aliyewafundisha hivyo. Karani wa uhasibu, yule wa makochi, ambaye kumbe uhamisho wake ulibatilishwa akarudi, alitoa shingo mlangoni pake. "Pole, ndugu," alisema. "Nyumba haibebeki."

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja, katikati ya bahasha za kaki, ilikuja bahasha nyeupe ya kawaida kutoka mpakani, imepitia kwa mwalimu mkuu wa kule kama taratibu zinavyotaka, imeandikiwa mkuu wa utumishi. Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, wa duara, kila herufi imekaa mahali pake. Kwenye kona, kwa wino wa bluu, mwandikaji alikuwa ameweka namba mbili bila kuulizwa na mtu. Arobaini na nne. Na chini yake, namba ya faili la Bahasha.

Feni ilikuwa imesimama. Kabati la nne lilikuwa hatua mbili kutoka mezani, na ufunguo alikuwa nao. Bahasha aliitazama ile bahasha kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama yoyote maishani mwake. Kisha akafungua daftari, akaandika tarehe, akaandika imetoka wapi, akagonga mhuri, akapanda nayo.

Bimkubwa alikata bahasha, akasoma kimya mara ya kwanza. Halafu akasoma kwa sauti, maana alikuwa mama wa namna hiyo. "'Naomba kuondoa ombi la kuhamishiwa kituo alipo mume wangu, lililoletwa kwa miaka minane kwa niaba yangu. Sina nia ya kuhama nilipo. Naomba nijibiwe mapema.'"

Alichukua kalamu, akaandika pembeni: Limekubaliwa. Akatia sahihi. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Kaifaili," alisema.

Bahasha alishuka, akatoa faili lake, akaitoboa ile barua, akaiweka juu ya majibu manane yanayosema ombi lako linashughulikiwa. Kisha akarudi kwenye daftari, akautafuta ule mstari wa asubuhi, na kwenye safu ya mwisho akaandika kwamba imejibiwa.